Kimo cha Asenath

Alhamisi ya kabla ya Pasaka, mwaka ule wa njaa na unga wa manjano wa msaada, wanawake wa kanisa la mabati la Dandora walivua viatu wakaketi kungoja kuoshwa miguu, kama ilivyokuwa desturi yao. Wengi walikuwa vibarua wa kiwanda cha mablanketi. Tangu Januari kampuni ilikuwa imeliondoa lori lililowabeba, ati breki zinatengenezwa, nao walitembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Walikuwa wamekubaliana kwamba baada ya sikukuu wangekaa chini langoni mwa kiwanda hadi lori lirudi. Nthambi ndiye aliyelitoa wazo hilo, ingawa alilisema kwa sauti ndogo mno hata akaombwa arudie.

Beseni lilishikwa na Asenath, mjane muuza uji. Alipofika kwa Nthambi alikuta kisigino kimepasuka na kutoa damu. Akakipangusa, akaomba kimoyomoyo apewe yeye taabu ya miguu ile yote. Ufa ukajifunga. Nthambi akavaa viatu, akaenda kuchota maji.

Jumanne walitembea hadi kazini bila kuchoka. Asenath, aliyeshinda ameketi akikoroga uji, jioni alikuta miguu yake imejaa vumbi la Jogoo Road, njia yao ya kazini, na nyayo zimelika kama soli za akala.

Kufikia Juni Asenath alikuwa amefupika hata akamfika Nthambi kifuani. Mchungaji alimshushia msumari wa kutundikia koti. Fundi viatu alimpima, akatikisa kichwa.

"Mama, huku si kuisha soli. Wewe mwenyewe ndiye unayeisha."

"Basi nipunguzie bei," alisema Asenath.

Nthambi aliwakumbusha wenzake habari ya lango.

"Tukae chini kwa nini na hatujachoka?" Lydiah alimcheka. "Dada, miguu ni kama ya mtoto mchanga."

"Anayetembea ni Asenath."

"Tunajua. Jumapili tulimwombea."

Akamwendea Mutisya, nyapara. Mutisya alimwambia kwamba hakuna aliyechelewa tangu Pasaka, kwa hiyo lori, ambalo breki zake zilipona zamani, lilikuwa limepewa kazi ya kusambaza mablanketi.

Ikabaki kumsihi Asenath mwenyewe.

"Mama, acha."

"Niache vipi, mwanangu? Niliomba, nikapewa." Alikuwa ameketi juu ya debe, miguu haifiki chini. "Tangu nimzike mume wangu sijawahi kuwa hai hivi."

"Na ukiisha?"

"Basi nitakuwa nimeisha."

Septemba walimzika katika sanduku la sabuni. Kesho yake kila mmoja aliamka na miguu yake mwenyewe, yenye malengelenge na nyufa za miezi yote ile. Walijikokota hadi kiwandani, na bila kuambizana wakakaa chini langoni. King'ora kililia, hakuna aliyeinuka. Mutisya alitoka, akawatazama, akarudi ndani kupiga simu. Nthambi aliona kwamba siku hiyo lori lingerudi.

Kando yake Ndindi, mwenye mimba ya miezi minane, alianza kulia. Damu ilikuwa imejaa kiatuni.

"Siwezi, Nthambi. Siwezi hata dakika moja."

Nthambi alivua kitambaa cha kichwa, akakilowesha kwenye bomba la langoni, akampangusa. Alitaka kumpoza tu. Lakini ombi la kupewa yeye taabu ile lilikwisha kumtoka moyoni, na kisigino kikajifunga.

Ndindi alikanyaga chini mara mbili, akapangusa machozi, akaingia kazini.

Wengine walivua viatu, wakanyoosha miguu, wakingoja zamu. Nthambi aliitazama ile miguu. Hakuona mguu ambao angeweza kuuruka. Aliwaosha wote, na wote wakainuka.

Mutisya alikuja akalifungua lango wazi.

"Pisheni njia," alisema.

Wakasogea kando, na lori likatoka likiwa limejaa mablanketi.