Wasifu wa Mtu Aliye Hai

Mwaka ule wa tisini na tisa watu wa Arusha walikuwa wakibishana kama kompyuta zote duniani zitazimika karne ikigeuka. Agnela Mushi, aliyekuwa nayo moja tu, aliwasikiliza bila kuwajibu. Zikizimika, zizimike. Kilichomuudhi yeye ni programu mpya.

Alikuwa amepiga chapa kwenye shirika la umma miaka kumi na tisa, mpaka shirika lilipobinafsishwa na wapiga chapa wakawa wa kwanza kupunguzwa. Akafungua chumba chake Kaloleni, kompyuta moja, printa moja na benchi la wateja. Programu aliyoanza nayo ilikuwa ile ya zamani ya kioo cha bluu na herufi nyeupe. Ukitaka faili uliliita kwa jina lake, na usipolijua jina, halikuja. Ilimfaa sana. Lakini wateja walitaka herufi za madoido, basi Shabani, fundi redio wa mlango wa pili, akamwekea Windows na programu ya kuandikia iliyokuja nayo. Hiyo mpya, kila ulipotaka kufungua kazi, ilikuteremshia orodha, na chini kabisa ya orodha iliandika majina ya mafaili manne ya mwisho uliyofungua, utake usitake.

"Mashine ina umbea hii," Agnela alilalamika.

"Umbea gani, Mama Brian? Inakusaidia kukumbuka," Shabani akacheka. "Kwani una siri gani wewe? Barua za kuomba kazi?"

Siri alikuwa nazo. Kazi iliyompa jina mjini ilikuwa wasifu wa marehemu. Kwa Wameru, kama kwa Wachaga wenzake, mtu hazikwi bila kusomewa wasifu: alizaliwa lini, akabatizwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto wangapi na nani na nani. Hapo kwenye majina ya watoto ndipo hata wavuta tumbaku wa nyuma hunyamaza. Maana matanga yakishaondolewa ukoo hukaa kikao, na aliyesomwa kaburini huitwa ndani. Ambaye hakusomwa hubaki nje na watu wa kupika.

Agnela alikuwa na utaratibu wake. Alifungua wasifu wa marehemu aliyepita, akabadili majina na miaka, akauhifadhi kwa jina la marehemu mpya. Na kwa sababu ya mgao wa umeme, mkono wake wa kushoto ulikuwa umejifunza kuhifadhi kazi kila baada ya mstari, wenyewe, bila yeye kuuambia, kama vile mtu anavyofanya ishara ya msalaba akipita mbele ya kanisa. Umeme ungeweza kukatika saa yoyote, yeye asipoteze hata koma.

Mwezi wa nane alikuja mtu mmoja mwenye suti, anaitwa Elieza Sumari, mwenyeji wa Tengeru anayefanya kazi Dar es Salaam. Baba yake, Mwalimu Ephraimu, aliyefundisha chuo cha misitu Olmotonyi mpaka alipostaafu, alikuwa mahututi. Madaktari walikuwa wamewaambia wamrudishe nyumbani. Elieza alitakiwa kurudi kazini, na alitaka wasifu uwe tayari.

"Acha tarehe wazi tu," alisema, akiangalia pembeni. "Watoto ni watano. Na hili, mama, libaki kati yetu."

"Siri ya mteja mimi naizika," Agnela akamjibu, na alijivunia kulisema hilo.

Ila Mwalimu hakufa. Alhamisi moja ya mwezi wa tisa aliingia chumbani kwa fimbo, amekonda, koti limemzidi mabega, akataka kuchapiwa barua ya kamati ya mfereji. Agnela alipotajiwa jina akajua ni yule wa wasifu. Akamvutia mzee kiti kando yake, maana mzee alitaka kuona kazi inavyokwenda. Akateremsha orodha, akisahau kwamba asubuhi ile alitoa wasifu mwingine kwenye ule wa Sumari.

"Hebu ngoja," Mwalimu akasema. "Hapo chini pameandikwa nini?"

Agnela aliifunga orodha haraka, lakini mwalimu ni mwalimu, macho yake yalikwisha kusoma.

"Ni mtu mwingine, Mwalimu. Wasumari ni wengi."

"Ni wengi. Lakini marehemu E. Sumari? Elieza mwanangu amekufa?"

"Hapana! Mungu apishe mbali."

"Basi ni mimi," akasema mzee, taratibu kabisa. "Fungua."

"Siwezi, Mwalimu. Ni siri ya mteja."

"Mteja ni nani, mama? Aliyekuja kuchapisha, au mimi niliyechapwa?"

Katika miaka yote ile ya kutunza barua za wakubwa, hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Akafungua.

Mwalimu alisoma midomo ikimcheza. Alipofika kwenye maneno "aliuvumilia ugonjwa wake kwa imani na utulivu," alicheka mpaka akakohoa. "Uongo huo! Nililalamika kila siku. Andika hivyo, nililalamika kila siku, na mke wangu akanivumilia." Agnela akaandika. Alikuwa amechapa wafu zaidi ya mia mbili na hakuna hata mmoja aliyewahi kumsahihisha.

Alhamisi iliyofuata mzee alirudi, bila barua yoyote. Akaketi kwenye kiti kilekile. "Nifungulie nilipo," alisema. Akarekebisha mwaka wa ubatizo. Alhamisi nyingine akaongeza mti aliopanda siku alipofika Olmotonyi akiwa mwanafunzi, kwamba alipigwa fimbo na mkuu wa chuo kwa kuupanda mahali pabaya na mti bado upo. Alizoea kufa, akawa anakuja kukutazama kufa kwake kama mtu anavyokwenda kuangalia nyumba yake inayojengwa. Agnela yeye hakuzoea. Siku za Jumatano alilala vibaya. Alitamani kumwambia Shabani, lakini siri ni siri, akanyamaza nayo.

Alhamisi ya tano Mwalimu hakucheka. Alimwambia Agnela ashuke mpaka kwenye watoto, akayatazama yale majina matano kwa muda mrefu, kisha akaanza kulia, machozi ya kizee yasiyo na sauti.

"Ni sita," alisema. "Kuna binti Olmotonyi. Mama yake ni Mwarusha, tulikuwa jirani pale chuoni. Ana miaka thelathini na mbili na hakuna mtu wa kwangu anayemjua. Anaitwa Nanyori. Niandikie nilione."

Agnela akageuza watano kuwa sita, akaandika: Nanyori Ephraimu Sumari. Mzee akasogeza uso karibu na kioo, akalisoma kwa sauti mara mbili. Kisha akapangusa macho kwa kiganja.

"Sasa litoe," akasema. "Mke wangu hastahili kulisikia kaburini. Nitamwambia mwenyewe kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Jumapili tukitoka kanisani. Alhamisi nitarudi tuliweke, likae."

Agnela akafunga faili. Aliamini amelitoa, au amefunga bila kuhifadhi, hakukumbuka vizuri. Mzee aliondoka akiwa amenyooka kuliko alivyoingia.

Alikufa Jumamosi, akiwa anafunga kamba ya kiatu.

Jumatatu asubuhi Elieza alikuwa mlangoni, macho mekundu. Alitaka tarehe ijazwe na nakala sitini, na umeme wa Kaloleni ulikuwa unakatwa saa nne. "Usinisomee," alisema, "sina moyo wa kuusikia. Nitausoma kesho kaburini." Akaketi kwenye benchi, akashika kichwa.

Agnela alifungua, akajaza tarehe, akashuka, na jina likawa pale. La sita, mahali pake. Alihisi kama kuna mtu amepumua shingoni mwake. Alikuwa na hakika, mbele ya Bikira Maria alikuwa na hakika, kwamba mzee alisema litolewe. Kisha akautazama mkono wake wa kushoto na akaelewa. Mkono ulihifadhi. Mstari ulipoisha, mkono ulifanya kazi yake ya kila siku.

Saa nne kasorobo. Elieza yuko nyuma yake. Akiliacha, mjane atalisikia kwenye mdomo wa msomaji mbele ya watu mia tano, jambo ambalo marehemu mwenyewe alilikataa. Akilitoa, ametii. Alisema litoe, alijiambia. Alisema mwenyewe. Akabonyeza kitufe cha kufuta, mara moja baada ya nyingine, Sumari kwanza, kisha Ephraimu, na mwisho Nanyori, herufi moja moja mpaka N. Akageuza sita kuwa watano. Printa ikaanza kulia.

Alikwenda mazishini Tengeru. Elieza ndiye aliyesoma. Alipofika kwenye "alilalamika kila siku, na mke wake akamvumilia," akanyamaza ghafla, akairudia karatasi kwa macho, na uso ukambadilika, maana sauti iliyokuwa ikitoka kinywani mwake ilikuwa ya baba yake. Watu wakacheka wakilia. Mjane akashika mdomo kwa kanga. "Nani aliyajua haya?" mwanamke mmoja akanong'ona. Kisha yakaja majina ya watoto, watano, na kule nyuma, karibu na migomba, binti mmoja mrefu aliyekuwa amesimama peke yake akasubiri, akasubiri, mpaka wimbo ulipoanza. Halafu akaondoka.

Agnela alimwona. Hakuhitaji kuambiwa ni nani, paji la uso lilikuwa la Mwalimu.

Baada ya hapo chumba kilimshinda. Ndugu walikuwa wakija kuomba nakala, na kila nakala ililirudisha jina la marehemu kwenye orodha. Akifungua barua ya mtu mwingine, liko pale. Akichapa cheti cha semina, liko pale. Alikihamisha kile kiti akakiweka nje, wateja wakakirudisha ndani. Alhamisi mteja yeyote akikikalia yeye hukosea kuchapa. Mwishowe akamwita Shabani.

"Unaweza kuizima hii orodha?"

"Naweza, tena kirahisi. Ungeniambia tangu mwanzo, Mama Brian."

Akaizima pale pale, dakika mbili hazikufika. Agnela alikaa akitazama mahali palipokuwa na majina, pamekuwa patupu, na akaona afadhali yalipokuwepo.

Ijumaa ya wiki ya tatu yule binti akaingia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naitwa Nanyori. Nataka nakala ya wasifu wa Mwalimu Sumari."

Agnela akachapa bila kumwangalia. Nanyori aliketi kwenye kile kiti, akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipomaliza akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake.

"Hakuna ukurasa mwingine?"

"Ni huo tu."

"Nilidhani msomaji ameruka." Akaikunja karatasi, akaikunjua. "Alhamisi ile alikuja kwetu akitokea huku mjini. Mama alimpa chai, hakuinywa, alikuwa na haraka ya kuniambia. Akasema, leo nimekuandikisha, nimeliona jina lako kwa macho yangu. Maisha yangu yote alikuwa akisema atafanya na hafanyi. Ile siku nilimwamini." Akamwangalia Agnela. "Niambie tu kama aliniongopea. Nikijua nitapumzika."

Ilikuwa rahisi mno. Kuyasema maneno matatu tu, kwenye mashine halimo, na yangekuwa kweli. Hakuna mwingine aliye hai aliyejua. Hii ndiyo siri aliyokuwa akijisifu kuizika, na kaburi lake lilikuwa binti huyu aliyeketi mbele yake. Agnela alijichukia kama hajawahi kujichukia.

"Hakukuongopea," alisema. "Liliandikwa. Alilisoma mara mbili, kwa sauti. Niliyelifuta ni mimi. Siku ya kuchapa nakala, kwa kidole hiki."

Nanyori hakulia. Aliilaza karatasi magotini, akainyoosha mikunjo.

"Lirudishe."

Agnela akalirudisha, akachapa karatasi mpya. Nanyori akalitazama jina lake, akaligusa, kisha akaiweka karatasi juu ya meza.

"Hii watasema nimeichapisha leo," alisema. "Na kweli nimeichapisha leo. Karatasi ya mashine kila mtu anaweza kutunga. Kikao cha ukoo ni kesho saa nne. Utakuja uyaseme kwa mdomo wako?"

Agnela aliwaza Tengeru nzima inayomletea wafu wake, na nani atamletea tena akishasimama na kusema ya mteja hadharani. Akamwaza Elieza. Akaogopa, waziwazi, kuliko alivyokiogopa kile kiti.

"Nitakuja," alisema. "Mjane atakuwepo?"

"Nyumbani kwake ndiko kikao kilipo." Nanyori akasimama, akajifunga vizuri kitenge. "Baba alisema siku ile kwamba angemwambia yeye kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Basi njoo saa tatu, uanze na yeye."