Picha ya Mgongo

Basi la wafanyakazi lilikuwa na viti sita vitupu asubuhi ile, lakini Kalombo alisimama.

"Tata Kalombo, uko nachunga basi?" mmoja akamtania.

"Mi niko nanyoosha mugongo."

Wakacheka, naye akacheka nao. Kwa miezi minne mgongo wake ulikuwa umebeba lawama isiyo yake. Ukweli ni kwamba karibu na njia ya haja kubwa lilimtoka jipu, likapasuka, likaacha tundu lisilotaka kuziba. Tundu lilitoa usaha na damu kila siku. Mkewe, Odile, alikuwa amemaliza kukata vitenge vyake viwili vya zamani ili mumewe apate vipande vya kuvaa ndani. Na kazi ya Kalombo ilikuwa kuendesha lori la mawe machimboni, saa nane kwa zamu, juu ya kiti ambacho sponji yake ilikwisha zamani.

Mtu mmoja tu nje ya nyumba yake alijua: Tshimanga, muuguzi wa zahanati ya mtaa. Ndiye aliyemwandikia karatasi ya kwenda hospitali ya kampuni kupigwa radio, kama watu wa Kolwezi wanavyoiita ile picha ya ndani ya mwili.

"Lile tundu liko na njia ndani ya nyama," Tshimanga alimweleza. "Batatia dawa na mupira mudogo, bapige radio, baone njia inapita wapi. Docteur hawezi kukata bila kuona. Akikata musuli ule unafunga, utajichafua mpaka kufa."

"Na nikiacha tu?"

Tshimanga alifunga kalamu yake. "Kulikuwa mumoja wa Fungurume aliacha. Usaha uliingia mu damu. Tulimuzika mbele ya mvua kuanza."

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kila alasiri. Radio ya wafanyakazi ilipigwa Alhamisi tu, filamu moja kwa kila mtu kwa miezi mitatu. Alhamisi hiyo basi lilimshusha hospitalini, naye Kalombo alisimama kwenye korido tangu saa moja, karatasi ikiwa mfukoni, akiwa amejiandaa kuvua suruali mbele ya Mukendi, fundi wa radio, mwanamume mwenzake.

Mlango ukafunguliwa. Aliyetoka na koti jeupe hakuwa Mukendi. Alikuwa Mama Mbelu, msaidizi wa Mukendi, mdogo wa mama mzazi wa Odile.

Kwao Kalombo, watu wa Kasai, huyo ni mama mkwe kamili. Humpi mkono. Huli naye meza moja. Ukikutana naye njiani unampisha, macho chini. Miaka kumi na moja ya ndoa, Kalombo hajawahi kumtazama usoni.

"Mukendi alienda kilio ku Likasi," Mama Mbelu akauambia ukuta. "Unaugua wapi, tata?"

Kalombo akaigusa karatasi mfukoni. Uongo wa miezi minne ulikuwa tayari mdomoni, umelainika kwa kutumiwa.

"Mugongo."

"Karatasi?"

"Ilibaki ku nyumba."

Mama Mbelu akashusha pumzi. "Panda. Toa shati tu."

Mwite mjinga ukitaka. Anayemwita hivyo hajaoa kwa watu wenye mila.

Katika chumba cha pili, daktari alikuwa na beji ya chama tawala kwenye koti. Aliinua filamu dirishani, akaitazama vizuri. Kalombo hakutazamwa.

"Mugongo muzuri sana. Apte, uko muzima kwa kazi." Akagonga muhuri wa kurudi kazini.

Sauti ya ule muhuri ndiyo iliyomtoa Kalombo haya. Akatoa karatasi ya Tshimanga, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Docteur, haiko mugongo. Ni huku ku matako. Inatoka usaha. Nilipata haya kusema."

Daktari akasoma. Kwa mara ya kwanza akamtazama, kisha akaitazama kalenda.

"Filamu yako ilitumika, citoyen," akasema, akimwita mwananchi kwa Kifaransa cha chama. "Rudia mwezi wa kwanza."

"Angalia tu, docteur. Nitavua hapa hapa."

"Nitaangalia nini? Inje ni tundu. Njia iko ndani. Mi siwezi kukata kama kipofu."

"Mu kabati ya kule ku radio niliona filamu zingine."

"Zile ni za bakubwa." Akamrudishia karatasi. "Mwingine!"

Kalombo akarudi korido. Dirisha la chumba cha radio lilikuwa wazi, na Mama Mbelu alikuwa ndani, amempa mgongo. Watu ishirini walikaa kwenye mabenchi. Akamwita mama mkwe wake kwa sauti, mbele yao wote:

"Mama-muko, nilikudanganya. Naugua ku matako."

Hakuna aliyecheka.

"Nilijua," Mama Mbelu akajibu bila kugeuka. "Niliona damu ku meza wakati ulilala."

"Sasa mbona ukapiga mugongo?"

"Na mi nilipata haya, muko wangu. Nilisema ile filamu ipite haraka, utoke." Akafuta uso kwa mkono wa koti. "Ufunguo wa kabati iko na chef, mukubwa wetu. Hapana kwangu."

Mkono wake ukapita dirishani, uso bado ukutani, ukasukuma furushi la gozi nyeupe ya kufungia vidonda. Kalombo akalipokea. Hakujua amlaumu nani kati yao wawili, wakati kabati lilikuwa pale pale limefungwa.

Saa nane mchana alikuwa machimboni. Kazadi, mkuu wa zamu, akasoma karatasi yenye muhuri, kisha akainua macho kwenye lori. Kalombo alikuwa ameshika usukani, amesimama nusu.

"Unatetemeka namna gani mu joto hii?"

"Ni baridi tu, chef."

"Baridi ya wapi? Karatasi inasema uko muzima. Ikala chini, bengine beko nangoja mawe."

Malori matano yalikuwa yamepanga mstari nyuma yake, injini zikinguruma, na madereva wote wakimtazama. Kalombo akatoa gozi ya Mama Mbelu, akaikunja mara mbili hadharani, akaiweka juu ya kiti. Akakaa.