Ukurasa wa Mwanatumu

Mwaka ule, baada ya mvua za El Nino, malaria iliwaangusha watu nyumba kwa nyumba, na hospitali kubwa ya Msambweni ikajaa mpaka wagonjwa wakalala chini ya vitanda. Zahanati tatu zikaamua kushikana mikono. Ya Tobias ilikuwa Ukunda, ya mzee Abdalla ilikuwa Msambweni, na ya Mwanatumu, nesi mkunga, kule Gazi. Walipatana chanjo zikae kwenye friji ya Tobias, wajawazito wenye shida waende kwa Mwanatumu, na kila mgonjwa atembee na daftari lake, lile la shule, popote aendako. Sharti lilikuwa moja tu: kabla hujaandika, soma alichoandika mwenzako.

Tobias aliitikia kwa mdomo. Moyoni alijiona yeye ndiye msomi wao. Cheti chake alikitundika ukutani kikiwa na fremu, na watu walipomwita daktari hakuwasahihisha.

Siku moja Mbodze, muuza makuti wa Gazi, alishikwa na homa akiwa Ukunda kupeleka mzigo hotelini. Akaingia kwa Tobias anatetemeka, akatoa daftari lililofungwa kwa nailoni.

"Daktari, mimi sijui kusoma. Lakini Mama Mwanatumu amenambia, popote niendako wasome kwanza."

Foleni ilikuwa imefika barabarani. Tobias akawageukia waliokaa kwenye benchi. "Mnasikia? Siku hizi nesi wa Gazi ndiye ananifundisha kazi! Mama, hii ni malaria tu. Relax."

Benchi zima likacheka. Mbodze naye akacheka kidogo, kwa adabu. Tobias akafungua ukurasa mweupe, akaandika, akampa vidonge vipya vya malaria vyenye salfa. Mbodze akavimeza pale pale.

Siku ya tano dada yake alimrudisha amejifunika kanga. Ngozi ya mgongo ilikuwa inababuka, midomo imepasuka, macho hayafunguki. Ndipo Tobias akafunua ukurasa wa nyuma. Maandishi yalikuwa ya Mwanatumu, makubwa, yamepigiwa mstari mwekundu: *Mbodze hapatani na salfa. Alitoka malengelenge. Asipewe tena.*

Akaandika barua ya hospitali, na dawa akaitaja. Kwa hilo hakudanganya. Akatafuta pikapu, akampandisha mwenyewe. Lakini dada mtu alipouliza daftari, Tobias alisema, "Liache, nitalileta mimi." Akalitia mkobani, chini kabisa. Siku tisa alizunguka nalo, na kila alipofungua mkoba ule alitazama pembeni.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi wale watatu walikutana Msambweni, uani kwa mzee Abdalla, sinia la viazi vya karai katikati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Tobias. Mbona umekonda hivi? Au Ukunda mnakula picha za watalii?"

Mwanatumu hakugusa kiazi. Alikuwa ametoka wodini, hospitali kubwa, kumtazama Mbodze.

"Mbodze ataishi, alhamdulillahi," alisema. "Jicho moja limeanza kufunguka. Lakini kosa ni langu, kaka Tobias. Nisamehe."

"Kosa gani?"

"Nilijua hapatani na salfa. Nilitaka kuliandika. Lakini ule mwezi wa mvua nilikuwa ninazalisha, ninadunga sindano, silali. Bila shaka nilisahau. Wewe ungeliona, usingelimpa."

"Kusahau kupo, mwanangu," alisema Abdalla.

"Si kwenye dawa, mzee. Nimekwisha kuamua. Nitabaki na uzazi tu. Wagonjwa wengine wa Gazi watakuja kwenu."

Abdalla akashusha kikombe. "Na mtoto wa Gazi akishikwa na degedege? Atafika Ukunda saa ngapi?"

"Sijui, mzee. Lakini mimi sijiamini tena."

Tobias akajisikia anasema, "Pole, dada."

"Ahsante, kaka," Mwanatumu akamjibu, na akamaanisha.

Shukurani ile ilimchoma kuliko tusi. Akavuta mkoba, akalitoa daftari na nailoni yake, akaliweka kando ya sinia.

"Uliandika," alisema. "Aliniambia nisome. Mimi nilikucheka mbele za watu."

Mwanatumu alifunua, akapitisha kidole chini ya mstari wake mwekundu, polepole, kama mtu anayehakikisha ni mkono wake. Akauona na ukurasa uliofuata. Machozi yakamlengalenga, akayafuta kwa ncha ya buibui.

"Siku ngapi unalo?"

"Tisa."

"Siku tisa mimi silali, Tobias." Neno kaka hakulitia tena.

Mwanatumu akafunga daftari, akamrudishia.

"Inuka. Mbodze hajui kusoma. Utamsomea wewe."

Wodini, Tobias alisimama miguuni pa kitanda, mbele ya wagonjwa waliobanana wawili wawili. Akasoma ule mstari mwekundu. Sauti ilikatika katikati, akaurudia kutoka mwanzo.

Mbodze alimtazama kwa lile jicho moja.

"Ndivyo nilivyokwambia," alisema, maneno yakipita kwa taabu kwenye ile midomo. "Sasa soma na la kwako."

Tobias akageuza ukurasa. Palikuwa na maneno mawili tu, jina la dawa na idadi ya vidonge. Akayasoma kwa sauti, wodi nzima ikisikia.