Basi la Skarbek Halirudi Nyuma

Kocha Gerard Pytlik alikuwa anamalizia mkate wake wa mafuta ya nguruwe na tango la chumvi pale basi liliposimama ghafla katikati ya msitu. Mbele yao daraja dogo lilikuwa limefungwa kwa vizuizi vyekundu na vyeupe, na mafundi wenyewe hawakuonekana. Barabara ilikuwa nyembamba, misonobari upande huu, mtaro upande ule. Hapakuwa na pa kugeuzia hata toroli.

Ilikuwa saa nane na robo, na mechi ilikuwa saa tisa. Ndiyo ya mwisho ya msimu. Timu yao, Skarbek, ikifungwa, inashuka daraja la ligi.

"Tumekwisha," alisema Oskar, kipa na nahodha. "Njia ni moja tu, na hiyo hatuiwezi."

Hakuna aliyemuuliza njia gani. Kwetu basi la timu halirudi nyuma siku ya mechi. Kuna madereva wanaozunguka kijiji kizima kuikwepa gia hiyo, na ukitaka kucheka, cheka. Lakini watu wa mji wetu wa Lipnowiec, wachimba makaa wa mtoto kwa baba kwa babu, walikuwa na sababu yao, na sababu yenyewe ndiyo iliyokuwa imeshika usukani: mzee Alojz Kocur, mwenye miaka sitini na minane.

Miaka kumi na tisa nyuma Gerard alikuwa kiungo wa Skarbek, kiungo hasa, wa kutuliza mpira na mashabiki kwa pamoja. Siku ya mchujo wa kupanda daraja, asubuhi, Alojz alirudisha basi hatua chache kupisha gari la wagonjwa. Jioni, dakika ya mwisho, Gerard akaweka mpira kwenye nukta ya penalti. Alishaamua kupiga kulia. Akamtazama kipa, moyo ukamruka, akabadili nia akiwa hatua ya mwisho, na mpira ukapaa juu ya goli. Mwandishi wa redio alipomuuliza kulikoni, alicheka kicheko cha mfiwa akasema, "Mlitegemea nini? Si Alojz alirudisha basi asubuhi!"

Ulikuwa mzaha. Ila mji mzima ulikuwa unatafuta wa kumlaumu, na nani angemlaumu Gerard? Yeye akaenda Ujerumani, akacheza misimu sita mpaka goti likagoma, akarudi kufundisha watoto, kisha akapewa timu kubwa. Alojz alibaki palepale. Walimbandika jina, Gia ya Nyuma. Akipita mbele ya kilabu cha bia, watu walilia kama basi linalorudi: "Pii! Pii! Pii!" Tangu hapo hakukanyaga uwanjani tena; timu ikicheza, yeye hukaa ndani ya basi lake, redio imezimwa. Gerard aliyaona yote hayo na hakufungua mdomo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Gerard ilikuwa na miaka kumi na tisa na bado ilikuwa inaendelea.

"Tushuke tutembee," alishauri beki mmoja.

"Kilomita tisa na hizo ndala zako?" Oskar alimrukia. "Utacheza au utazikwa?"

Gerard alisogea mbele. "Mjomba Alojz, rudisha."

Mzee hakugeuka. "Sirudishi."

"Tukichelewa refa atawapa wenzetu ushindi wa mezani."

"Wapewe. Gia hiyo mara moja ilinitosha, Gerard. Wewe unajua ilivyonitosha."

Aliyasema bila hasira, na ndiyo maana yalichoma. Gerard alijikohoza. "Ni amri yangu, Mjomba. Likitokea la kutokea, ni langu."

"Eti langu! Tukifungwa hawataulizana amri ni ya nani. Wataulizana nani alishika usukani."

Hata hivyo aliingiza gia. Basi lilirudi nusu kilomita nzima likipiga pii, pii, pii, na Oskar alijifunika jezi usoni kama mjane. Walifika uwanjani dakika kumi kabla ya mechi, wakavalia mlangoni. Skarbek ilicheza vizuri kuliko ilivyocheza msimu mzima. Dakika ya themanini na nane mpira ulimgonga gotini beki wa Skarbek mwenyewe ukaingia wavuni kwao. Moja bila, na Skarbek ikashuka daraja.

Waliporejea Lipnowiec jua la Juni lilikuwa bado juu. Watu kama mia mbili walikuwa wamejaa getini pa klabu, na kabla basi halijasimama walisikia: "Pii! Pii! Pii!" Habari ilishapigwa kwa simu zamani.

Bernadeta Gajda, mwenye kiwanda cha soseji na mwenyekiti wa klabu, alipanda kwanza.

"Kocha, wewe na vijana piteni mlango wa nyuma. Hawana shida na nyie. Wanamtaka Alojz."

"Amri ilikuwa yangu, Mwenyekiti."

"Najua, Oskar kaniambia. Sasa funga mdomo. Wakimkasirikia yeye leo, kesho bado nina kocha. Alojz kazoea."

Gerard alimtazama Alojz. Mzee alikuwa anafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja hadi shingoni, mwezi wa Juni, kama mtu anayejua kuna mvua nje. Ni kweli alikuwa amezoea. Gerard aliona aibu, aibu ya kutamani ardhi ipasuke, akashuka kwa mlango wa mbele.

Kelele zilipungua. Bado walimpenda.

"Si kosa lako, Kocha!" alipaza sauti Hildegarda, muuza tiketi. "Tunamjua aliyeturudisha nyuma!"

"Mama Hildegarda, nanyi nyote, nisikilizeni. Mimi ndiye niliyesema arudishe. Yeye alikataa."

Watu walinong'onezana. Angeweza kuishia hapo, na kwa siku hiyo ingetosha. Akapiga moyo konde.

"Na ile penalti. Basi halikupiga penalti. Kipa alinitazama, nikaogopa, nikabadili upande. Ni hivyo tu. Mjomba Alojz alikuwa amepisha gari la wagonjwa. Nilimsingizia kwa mzaha, nyinyi mkaamini, nami nikanyamaza kwa sababu ilinifaa."

Mchimba makaa mmoja mnene, Ginter, alisogea mbele.

"Miaka kumi na tisa, wewe Gerard?"

"Kumi na tisa."

"Mimi nilimpigia pii mbele ya mkewe. Mlangoni pa kanisa, Jumapili!"

"Najua. Nilikuwapo, Ginter. Nilicheka."

Bernadeta alifumba macho. Alishajua Jumatatu atakuwa anatafuta kocha mwingine.

Alojz aliteremka taratibu, mkono mmoja kwenye mlango. Watu walimpisha, wengine wakiangalia viatu vyao. Alisimama mbele ya Gerard, karibu sana, na Gerard akadhani atapigwa. Moyoni aliona ni haki yake.

"Ulikuwa umeamua kupiga wapi?" mzee aliuliza.

"Kulia."

"Kipa aliruka wapi?"

"Kushoto."

"Kumbe mpira ungeingia."

"Ungeingia, Mjomba."

Alojz alitikisa kichwa mara nyingi, kama anayehesabu kitu. Akakaa kwenye ngazi ya basi, na machozi yakamtoka hivihivi mbele ya mji mzima.

"Mke wangu Trudka alinibembeleza mpaka siku anakufa," alisema. "'Si wewe, Alojz, si basi.' Nami niliamini ni mimi, nikawa namwambia anyamaze, yeye mambo ya mpira hayajui."