Stajiere wa Miaka Mitatu

Mawazo Bitondo alikuwa amefanya kazi ya uuguzi Uvira kwa miaka saba, wodi ya wazazi. Vita vya Kongo vilipowaka tena mwaka 1998 alivuka mpaka wa Gatumba kwa miguu, diploma yake ameishonea ndani ya sidiria, na wiki mbili baadaye akapata kazi katika kliniki ndogo ya binafsi huko Mutakura, kaskazini mwa Bujumbura. Mwenye kliniki, Dokta Népomuscène, aliitazama ile diploma mbele na nyuma.

"Iko nzuri," alisema. "Lakini ni ya Kongo. Hapa bila équivalence we si infirmière, si muuguzi. Nitapeleka dossier yako serikalini. Wakiandika kwamba inalingana na ya hapa, nitakulipa kama wengine. Kwa sasa utaanza kama stajiere."

Stajiere ni mtu anayejifunza kazi. Mawazo alikuwa amezalisha wanawake wengi kuliko alivyoweza kukumbuka, lakini siku hiyo alikuwa na njaa. Akatia sahihi.

Dative, msichana aliyekuwa ametoka shule mwaka uleule, alilipwa faranga elfu ishirini na saba kwa mwezi. Mawazo alipewa elfu tisa, naye ndiye aliyemfundisha Dative namna ya kumpokea mtoto anayetanguliza matako. Kwa sababu ya amri ya kutotembea usiku, aliyekutwa kazini na jioni alilala hapohapo mpaka asubuhi. Wengine walipewa posho ya usiku. Stajiere hakupewa, na ajabu ni kwamba kila mara aliyekutwa na jioni alikuwa yeye. Glavu zilifuliwa kwa jiki na kuanikwa kwenye kamba nyuma ya choo kama soksi, na zilizotoboka zilibaki kwenye beseni lake.

Kila mwisho wa mwezi alimwuliza Candide, karani wa kliniki, kama barua imekuja. Walikuwa marafiki, wakiitana sha. Walikula ndagala kwenye sahani moja, na Mawazo ndiye aliyemzalisha Candide mtoto wake wa nne.

"Bado, sha," Candide alikuwa akijibu. "Serikali ni serikali."

Mwezi wa nane mwaka 2000, mgonjwa mmoja alishikwa na degedege Mawazo akimtoa sindano. Mkono wa mgonjwa ukaruka, sindano ikapita kwenye tundu la glavu na kuzama kwenye kidole gumba. Mgonjwa alikuwa mifupa mitupu, kinywa kimejaa utando mweupe. Hakuna aliyesema neno ukimwi, na hakuna asiyeliwaza.

Dokta alisikitika sana. Alisikitika kwa maneno. "Bima ni ya wafanyakazi," alisema. "We bado ni stajiere, unaelewa? Ningekuwa na uwezo..."

Mawazo aliuza vitenge vyake viwili akajilipia vipimo: mara ya kwanza, kisha baada ya miezi mitatu, kisha baada ya sita. Muda wote huo alitenga sahani yake na kikombe chake, akaacha kula na Candide. Majibu ya mwisho yalipotoka safi alikaa chini kwenye kibaraza cha maabara akalia mpaka mlinzi akamletea maji.

Mwezi wa kumi mwaka 2001 alisikia kwamba shirika moja la misaada linatafuta wauguzi kwa ajili ya watu waliokimbia makwao na kujibanza Buterere, kando ya mashamba ya mpunga. Akaenda. Mwanaume aliyekuwa mezani aliisoma diploma yake, akampenda, kisha akaomba équivalence.

"Haijatoka bado," Mawazo alisema.

"Bila hiyo apana, mama. Nakungoja mpaka Ijumaa."

Kesho yake akaomba ruhusa, akateremka mjini mpaka kwenye ofisi inayolinganisha diploma. Karani aliyeitwa Ildephonse, mtu wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliandika jina lake, akaenda nyuma, akarudi na daftari kubwa la barua zilizotoka.

"Mama, ya kwako ilitoka zamani."

"Lini?"

"Mwezi wa tatu. Si wa mwaka huu, wa mwaka jana. Walikuja kuichukua. Sahihi ni hii."

Mawazo aliinama. Ilikuwa sahihi ya Candide, ile C kubwa inayozunguka jina lote kama kamba ya mbuzi.

Kichwani alikuwa anahesabu miezi. Mwezi wa tatu barua. Mwezi wa nane sindano. Kwa hiyo siku ile kidole chake kinatoka damu, alikuwa muuguzi kamili mwenye haki ya bima, na Dokta alilijua hilo alipokuwa akimpa pole. Ildephonse alimwuliza mara mbili kama anaumwa.

Alikuwa na nauli mfukoni lakini hakupanda gari. Alipanda kwa miguu mpaka Mutakura, jua la mchana utosini, na watu aliokutana nao njiani walimpisha.

Candide alikuwa kwenye kaunta, akiandika kadi ya mgonjwa.

"Barua yangu iko wapi?"

"Bado, sha, nili—"

"Nimeona sahihi yako."

Kalamu ilisimama. Candide aliangalia mlango wa Dokta, kisha meza. "Aliniambia niiweke, atakupa mwenyewe," alinong'ona. "Kisha akaniambia nikifungua kinywa nitaenda nyumbani. Nina watoto wanne, Mawazo. Bwana yangu hana kazi tangu duka lao lichomwe. Mi ningefanya nini?"

"Nilipochomwa na sindano ulikuwa unajua?"

Candide alianza kulia.

"Nakuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mawazo alifungua mlango wa Dokta bila kubisha. Dokta Népomuscène alikuwa anakula. Mawazo akavuta mtoto wa meza wa kwanza, kisha wa pili, na huko chini ya risiti akaikuta, bahasha ya kaki yenye muhuri wa serikali, imefunguliwa vizuri kwa kisu.

"We umekuwa kichaa?" Dokta alisimama. "Mutu anaingia hivi kwa mukubwa wake?"

"Mwaka mmoja na miezi saba," Mawazo alisema. Sauti yake ilifika mpaka kwenye mabenchi ya wagonjwa, na alitaka ifike. "Umenilaza hapa bila kunilipa. Umeniacha nauza nguo zangu nijue kama nitakufa, na karatasi hii umeikalia!"

"Nani alikupokea ulipotoka Uvira? Ulikuwa na nini? Ungekuwa wapi leo bila mimi?"

"Ningekuwa infirmière."

Dokta alishusha sauti. Alizungumza juu ya vita, juu ya bei ya dawa, juu ya mzigo wa kuendesha kliniki katika nchi kama hii. Kuanzia mwezi ujao angemlipa kama Dative. Yaliyopita yamepita.

"Vita ni vya kwetu sote," Mawazo alisema. "Mbona njaa yake naila mimi tu?"

Akaenda wodini. Alimpitisha Dative kitanda kwa kitanda: huyu serumu yake ya mshipani iishe saa kumi, huyu asipewe chumvi, mama wa kitanda cha nne uchungu umeanza, mtoto amekaa vizuri. Kisha akavua kadi ya kifuani. Dokta alikuwa amemfuata mpaka mlangoni.

"Utamwacha mama anayezaa? Hiyo ndiyo kazi mulifundishwa Kongo?"

Mawazo aligeuka akakitazama kitanda cha nne. Alijua mtu huyu amemshika pale pa siku zote, kwenye huruma yake.

"We ni dokta," alisema. "Vaa glavu. Chukua zile zilizotoboka."

Mama yule alijifungua salama mikononi mwa Dative. Mawazo alipata habari siku ya pili, na usiku uliotangulia hakulala.

Ijumaa alifika Buterere na bahasha yake, akaambiwa nafasi imejazwa asubuhi ile. Kwa wiki saba alichoma sindano nyumba kwa nyumba. Kisha mvua zikashuka, maji yakaingia kwenye vibanda, kipindupindu kikafuata, na shirika likamtafuta lenyewe. Alipewa mkataba wenye neno muuguzi na sanduku zima la glavu mpya.

Mwezi wa pili wa mwaka mpya Candide alimfuata huko, viatu mkononi kwa sababu ya tope. Alisema Dokta ameleta mwanamke mwingine kutoka Uvira, anaitwa Amandine, naye amekuwa stajiere.

"Barua yake ikitoka utaificha tena?" Mawazo aliuliza.

"Ndiyo maana nimekuja. Sitaki."

Mawazo hakumkaribisha akae. Alimaliza kufunga serumu ya mgonjwa, akanawa mikono, akaikausha polepole.

"Mwambie aje kwangu Jumatatu, na diploma yake. Nitampeleka ofisini mi mwenyewe, aweke sahihi yeye mwenyewe."

"Na mimi?" Candide aliuliza. "Utanisamehe siku moja?"

"Sijui," Mawazo alisema. "Leo apana." Akaenda kwa mgonjwa aliyefuata.