Unga wa Dalia

...na hata kama ni kweli, si lazima iwe wiki hii, mbegu za mwani zimeshatoka majini na zikikaa juani zinakufa, nafunga, nakaza, nafunga, na wifi yangu Umi, upande wa pili wa kamba, anaongea toka tulipokaa, nikaha ya binti yake Shadya ni Ijumaa na mchele wa pilau bado haujachambuliwa, "wewe ndiye mkuu wa jiko Alhamisi, wifi, usinitoroke," namwitikia hewala, na Alhamisi ndiyo siku aliyotaja daktari kwenye simu asubuhi, mama, ile picha ya matiti, la kushoto lina madoa, njoo Alhamisi tuchukue kinyama kidogo kwa sindano tukakipime, kinyama, kama anaomba kitoweo, nikamjibu nitaangalia usafiri, kana kwamba sijui boti ya Nyamisati, ya kuvukia bara, inaondoka saa ngapi... madoa meupe madogo, alisema, kama chembe za chumvi, na hapo nikapata pa kushika, maana siku ya picha yule binti wa mashine alikuwa ameshaniambia nisijipake kitu, mafuta wala marashi wala poda, unga unaonekana kwenye picha, basi mafuta ya dukani nikaacha, marashi nikaacha, lakini dalia nilijipaka, unga wetu wa kunukia, nani anahesabu dalia, unakwenda kushikwashikwa na watu usiowajua huendi ukinuka kama umetoka kupaa samaki, nikajisinga kifua kizima kama mwari, mashine ikanibana mpaka machozi yakanitoka, nikarudi zangu... kwa hiyo ni dalia, daktari wa watu ameona dalia akadhani maradhi, huko Dar wangejuaje, naweza kumpigia sasa hivi nikamwambia tukacheka wote, "unafunga kama unafunga ng'ombe," Umi anasema, "utaikata mbegu, au kaka yangu kakuudhi?", nasema kaka yako mzima, nalegeza, Sadick sijamwambia, nikimwambia atanyamaza siku mbili nzima na mimi ndiye nitakayemliwaza, nguvu hizo sina... marehemu Biubwa, jirani yetu, naye alikuwa na uvimbe wake titini, alisema ni chango tu, akanywa mizizi mvua mpaka mvua, mwisho hata mkono wa kujifunga mtandio haukupanda, nilikuwa namfunga mimi, ananiambia kaza kidogo shoga, nisionekane mgonjwa... lakini Biubwa hakujipaka dalia, mimi nilijipaka, nilichota kwa kiganja nikapaka hapa, na hapa, na huku kulia... kulia nako. Mkono umesimama juu ya kamba. Kulia nako nilipaka, kiganja kilekile, unga uleule, tena kulia ndiko nilikorudia, na daktari alisema kushoto, nikamuuliza na la kulia, akasema la kulia safi kabisa mama, na mimi nikashukuru, nikashukuru nisijue nashukuru nini, dalia haichagui upande, toka asubuhi nabeba unga kama ngao na unga wenyewe hauna kosa... mwanangu Haitham ana miaka saba, akipakuliwa wali na mtu mwingine anauliza kwanza mama kaenda wapi, "basi wale wa upande wa bwana harusi," Umi anasema, "wanataka mpaka biriani, nikawaambia mtakula mtakachopewa," anacheka peke yake, ananyoosha mkono bila kunitazama, "nipe tai-tai," nampa kitita cha kamba ndogo, vidole vyake vya baridi vinagusa vyangu, atakasirika, akasirike, jiko lina wanawake tele, nisimtajie jina la ugonjwa maana hata daktari hajalitaja, nisilie, nianze na Alhamisi, wifi, Alhamisi mimi sipo, niseme hivyo kwanza, kisha akiuliza kwa nini, na mikono yake ikiwa bado inafunga, nimwambie habari ya picha na sindano.