Pijo Alimozaliwa Jeniffer

Ukiibiwa kuku hapa Mpanda, majirani wanatoka na marungu kukusaidia kumsaka mwizi. Ukiibiwa kisa chako, wanakaa kwenye viti vya plastiki wanamsikiliza mwizi, halafu wanampigia makofi. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na nikilikumbuka hata chai haishuki.

Sisi wenye Pijo 504 za viti saba, zile ndefu za familia zenye gia kwenye usukani, tuna chama chetu. Kila mwaka tunakutana mjini, tunaosha magari, tunapanga msafara, tunakwenda Sitalike kula nyama na kutazama viboko. Safari hii chama kilikuwa kinatimiza miaka kumi na mitano, kwa hiyo magari yalitoka mpaka Sumbawanga na Tabora. Moja lilikuja limebebwa juu ya fuso, lakini tulikubaliana hilo tusiliseme.

Heshima kubwa kwetu ni kutangulia msafara. Na gari la kutangulia halichaguliwi kwa rangi wala kwa uzima wa injini. Kila mwenye gari anashika kipaza sauti, anasimulia jambo kubwa kuliko yote ambalo gari lake limewahi kufanya. Akimaliza, wenzake wanaingia kwenye magari yao wanampigia honi. Gideon, katibu wetu, anasimama katikati amefumba macho, anasikiliza. Anayepigiwa honi nyingi kuliko wote ndiye mshindi. Kura ya honi hairudiwi.

Mimi sikuwahi kutangulia. Mwaka mmoja nilisimulia jinsi viboko wa Mto Katuma walivyojipanga mgongo kwa mgongo nikavuka juu yao wakati daraja limechukuliwa na maji. Wakacheka, honi zikawa mbili tatu. Mwaka mwingine nikasimulia jinsi Pijo yangu ilivyotoka Magamba hadi mjini kwa kunusa tu kopo la petroli nililolishika dirishani. Wakacheka zaidi. Nyie mnacheka, mimi nilikuwa naweka akiba. Kisa changu kikubwa nilikuwa bado sijakitoa.

Kisa chenyewe ni cha kuzaliwa kwa binti yetu wa kwanza, Jeniffer, ambaye sasa anafundisha shule huko Kasekese. Alizaliwa kwenye kiti cha nyuma kabisa cha Pijo yangu nyeupe, katika masika, kabla ya kufika Sitalike. Mke wangu Marsela alikataa katakata nisikiseme kwenye kipaza sauti. "Uzazi wangu si tangazo la mnada," alikuwa akiniambia. Mwaka huu ndipo alipolegea. Alisema, "Haya, Baba Jeni, kaseme. Lakini nitakuwepo." Akashona gauni la kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Mwanamke ambaye hakuwahi kukanyaga mkutano wetu alikuja kusikia anasemwa kwa heshima mbele za watu. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka siku ile, nacho ndicho nilichoibiwa.

Mwizi anaitwa Sylvanus. Ana mashine ya kukoboa mpunga, na Pijo ya bluu aliyoinunua Dodoma mwaka juzi. Siku moja nilikuwa kwake nasubiri mpunga wangu, mashine ikazimika, tukakaa. Nikamsimulia kisa changu mwanzo mpaka mwisho ili kupoteza muda. Alisikiliza kwa makini mno. Nilidhani ni adabu.

Kwenye mkutano, kura za zamu zilimpa nafasi ya tatu, mimi nikawa wa mwisho. Akashika kipaza sauti, akakohoa, akasema, "Ndugu zangu, gari langu hili ni wodi ya wazazi." Nikahisi masikio yanapata moto.

Akaendelea. Masika. Tope la njia ya Sitalike. Mama mjamzito. Kiti cha nyuma. Akasimulia hata simba wangu, yule aliyetokea mbele ya taa, akaona mama anajifungua, akageuza uso pembeni kwa adabu mpaka mtoto alipolia. Simba yule nilimfuga mwenyewe kwa miaka mingi mpaka akawa na tabia ile. Sylvanus akamtoa kwenye zizi langu mchana kweupe.

Na Marsela hakuwepo kwenye kisa. Mahali pake palikuwa na mama mmoja asiyejulikana, aliyeokotwa kando ya barabara na Sylvanus mwenye huruma.

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mapaja, hapepesi macho.

Honi zikalia. Zililia mpaka kunguru wakahama. Watu wanaojua kabisa kwamba gari lile masika yale lilikuwa Dodoma walilalia honi kwa viganja viwili. Nilikwenda dirisha kwa dirisha.

"Gari lile lina miaka miwili tu hapa," nilimwambia wa kwanza.

"Tunajua, mzee. Lakini amesimulia vizuri."

"Ni kisa changu."

"Hata cha viboko ulisema ni chako," akanijibu, akabonyeza tena.

Zamu yangu ilipofika nilikamata kipaza sauti. Sijamaliza hata jina langu, mtu akauliza kutoka nyuma, "Mzee Apolinari, leo simba wangapi?" Wakaangua kicheko. Nikawaambia wazi kwamba kisa walichokisikia kimeibwa, mtoto ni Jeniffer, gari ni lile jeupe pale, mama ni huyu aliyekaa hapa. Nilikisema bila chumvi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na ndiyo maana hakikunoga. Honi ikalia moja. Ilikuwa ya gari la Tabora lenye waya mbovu; hujipigia yenyewe.

Sylvanus akanishika bega. "Mzee wangu, usikasirike. Visa vinafanana."

"Vinafanana mpaka na simba?"

"Simba si wapo wengi huku?"

Gideon akafungua maboksi ya fulana za maadhimisho, zilizoletwa na Sylvanus. Kifuani zilikuwa na picha ya Pijo ya bluu, na chini yake: WODI YA WAZAZI. Kumbe fulana zilishachapwa kabla hatujapiga honi. Nikamwonyesha Gideon.

"Katibu, hii ni nini?"

"Ni fulana, mzee. Chagua saizi."

Nilitupa ile fulana chini. Nilikuwa natafuta cha kutupa kingine wakati Marsela aliposimama. Hakuomba kipaza sauti. Alikwenda akamnyang'anya Gideon mkononi.

"Bwana Sylvanus," alisema. "Shikamoo sikupi, tunalingana. Nina swali. Yule mama aliyejifungua garini mwako anaitwa nani?"

Sylvanus akajikuna kidevu. "Mama Jeni, ni siku nyingi. Na kwa bahati mbaya yule mama alishatangulia mbele za haki."

"Alikufa lini?"

"Muda mfupi baada ya pale. Mungu amrehemu."

"Amina," akasema Marsela. "Mwenyewe sikujua. Leo asubuhi nimechota maji, nimekaanga maandazi, nimepanda bodaboda kuja hapa, kumbe marehemu."

Wanawake waliokuwa kwenye masufuria waliacha kukoroga. Nilimwambia Gideon hapo hapo, "Umesikia. Futa kura."

Gideon alitazama viatu vyake. "Mzee, kura ya honi hairudiwi. Tukianza kuirudia, kila mwaka itakuwa vita."

"Hata kama imepigwa kwa mwizi?"

"Katiba haijasema habari za mwizi."

Hapo nilitaka kumpiga. Nasema kweli, ngumi nilishaikunja, na ana bahati nina bega bovu. Marsela akanizuia kwa jicho. Akasema, "Baba Jeni, mwache. Katiba ni katiba. Bwana Sylvanus atangulie." Halafu akaenda kwenye ile Pijo ya bluu, akafungua mlango wa mbele, akakaa, akaweka mkoba miguuni. "Mimi ndiye mzazi wa gari hili. Mnataka nipande lipi?"

Sylvanus angesemaje? Watu wote walikuwa wanamwangalia. Akapanda, akawasha.

Msafara ukatoka. Mimi nilikuwa wa pili, nimejipenyeza kwa nguvu, namsukuma mwizi kwa macho. Hatujatoka mjini vizuri, Pijo ya bluu ikawasha taa ya kushoto, ikasimama. Na sisi tukasimama, magari yote, mpaka ya Sumbawanga. Nikashuka nikakimbia. Marsela alikuwa ametoa kidole dirishani.

"Hapa ndipo uchungu ulipoanza," alikuwa anamwambia. "Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Mimi… nilikuwa naendesha."

"Kimya kimya? Mume wangu alikuwa anaimba ili nisahau. Imba basi."

"Mama Jeni, jamani."

"Umeshachukua kisa, chukua na kazi zake. Imba."

Akaimba, wimbo wa kanisani, sauti kama mashine yake inayokoboa mawe. Tukaondoka. Baada ya hapo alisimamishwa tena. Hapo ndipo chupa ya uzazi ilipopasuka. Marsela alimtaka aeleze alitandika nini kwenye kiti. Hakujua. Akaambiwa avue koti lake la suti alitandike nyuma, kwa sababu mimi siku ile nilivua langu. Akalivua. Nyuma honi zilikuwa zinalia, lakini sasa za watu wenye njaa. Madereva wa malori walikuwa wanatutukana kwa Kisukuma na kwa Kifipa. Tulisimama penye kalvati, tukasimama penye mti uliokwisha kukatwa, tukasimama mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote ila Marsela alisema hapo ndipo alipomlaani mama mkwe wake. Kila mara kundi la watu lilishuka kusikiliza, na kila mara lilikuwa kubwa zaidi. Hawakuwa wakicheka tena. Mmoja aliivua ile fulana akaigeuza nje ndani.

Mwishowe Sylvanus alizima gari mwenyewe, katikati ya pori, akashuka. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka kiunoni. Akanijia dirishani.

"Mzee Apolinari, pita mbele."

"Katiba imekataa."

"Pita, nakuomba. Kisa ni chako. Ni cha mke wako. Nimesema mbele za watu hawa. Mchukue, utangulie."

"Sema kwa sauti."

Akasema kwa sauti. Gideon alisikia, na safari hii hakufumba macho.

Nilikwenda kwenye Pijo ya bluu kumchukua mke wangu. Hasira ilikuwa bado imenijaa kifuani, lakini nilikuwa nimeshaanza kunyoosha mabega kwa ajili ya kutangulia. Nikamfungulia mlango.

"Shuka, Mama Jeni. Tumeshinda."

Hakusogea. "Niende wapi? Bado sijazaa."

"Si amekubali?"

"Amekubali kwako. Mahali penyewe hatujafika, na huyu amesema nilikufa." Akavuta mlango akaufunga. "Tangulia tu. Panda, Bwana Sylvanus, tope linatungoja."

Basi nilitangulia. Nilitangulia msafara wa miaka kumi na mitano, kiti cha pembeni yangu kitupu, nachungulia kioo cha nyuma badala ya barabara. Niliona kidole cha mke wangu kikipanda na kushuka, na kichwa cha yule mwizi kikiitikia. Taa yao ya kushoto ilipowaka tena, nami nikakanyaga breki, nikashuka, nikarudi kwa miguu, nikiwakemea waliokuwa wamesimama kwenye dirisha langu la kusikilizia.

"Sogeeni," niliwaambia. "Mimi ndiye mume."

"Sogeeni kweli," akasema Marsela kutoka ndani. "Huyu nilipokuwa nazaa alikuwa nje anasukuma gari kwenye tope. Huku ndani hajawahi kufika."